Mchanga Unapohama: Kuokota Ufukweni Hombolo, Mtera na Gulwe

Jumamosi, Hombolo

Tumeanzia Hombolo kwa sababu ni karibu na mjini, na kwa sababu nilitaka tuanze na ufukwe mgumu. Bwawa hili lilijengwa mwaka 1957 kwa kuziba maji ya Kinyasungwe Ndogo. Sasa hivi, mwisho wa Novemba, mvua za Dodoma bado hazijashuka na maji yamerudi nyuma sana. Kati ya magugu ya ukingoni na maji yenyewe kuna uwanja mpana wa tope lililokauka likapasuka. Ukisogelea maji tope bado ni bichi na mguu unazama hadi kifundoni.

Mimi ni mtu wa Pangani niliyehamia Dodoma kikazi. Kule nyumbani mjomba wangu alinifundisha kuokota ufukweni miaka mingi kabla sijashika ditekta, mashine ya kutafutia vyuma. Hakuwa anatoka bila kuuangalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hukupwa mbali na kuacha wazi sehemu ambayo siku za maji mafu hata huioni. Baada ya mwezi aliuangalia upepo. Kusi huuhamisha mchanga wa pwani upande mmoja, kaskazi huurudisha, na mawimbi ya siku mbaya huukwangua ufukwe mpaka kwenye tabaka gumu la chini. Kitu kizito kama pete, sarafu au risasi ya nyavu (kipande cha madini ya risasi cha kuzamishia nyavu) hakikai juu ya mchanga unaotikiswa na maji. Huzama kidogo kidogo mpaka kigonge kisichotikisika: mfinyanzi, kokoto zilizoshikana, mwamba. Bahari ikitulia, mchanga mwepesi unarudi na kufunika yote. Ndiyo maana ufukwe uliotoa sarafu baada ya mawimbi makubwa unaweza kukaa miezi bila kutoa hata kizibo, na vitu vyenyewe viko palepale chini.

Hilo ndilo nililotaka kulijaribu huku bara, mahali ambapo hakuna maji kupwa wala kujaa. Mabwawa ya Dodoma hujaa mara moja kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, kisha hupwa polepole miezi yote iliyobaki. Na mito yake mingi ni mchanga mtupu mpaka siku inapoamka.

Ditekta yangu niliinunua kwa mkono wa pili kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu wa mkoa wa Singida. Ndani yake hakuna uchawi. Koili ya chini hutuma uga wa sumaku ardhini, uga huo huamsha umeme mdogo ndani ya chuma kilicho karibu, na umeme huo hutoa uga wake ambao mashine inausikia na kuugeuza kuwa mlio. Tatizo ni kwamba vinavyojibu ni vingi. Udongo mwekundu wenye madini ya chuma hujibu. Mchanga mweusi hujibu. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo mashine ya masafa mamoja kama hii yangu hulia mfululizo kwenye ukingo wa bahari. Nilidhani huku nitapumzika na kelele hizo, lakini maji ya Hombolo yana chumvichumvi, na kiangazi kinapoyakausha chumvi hubaki ukingoni. Kwenye tope bichi mashine ililia tu. Ilibidi nirudi juu, kwenye tope kavu, na kuisawazisha upya na ardhi.

Na tope kavu halikutoa kitu cha maana: vizibo vya soda, ndoano yenye kutu, kifuniko cha sufuria kilichokunjwa. Vyote vya juzi. Sababu yake inaonekana kwa macho ukitazama vilima vinavyozunguka bwawa. Kila msimu mito huleta udongo laini na kuutandaza. Bwawa la Ikowa kule Chamwino, la miaka ileile ya 1950, limefukiwa vibaya kwa namna hiyohiyo. Mawimbi ya Hombolo ni madogo, hayana nguvu ya kuchekecha udongo. Ufukwe wa namna hii unapokea tu na kufukia, na kitu kilichoanguka miaka ishirini iliyopita kiko chini kuliko koili yangu inavyoweza kufika. Sarafu moja kwenye ardhi nzuri mashine za kawaida huisikia kwenye kina cha sentimita ishirini au thelathini hivi. Tope la Hombolo limeshapita hapo.

Jirani yangu, ambaye gari ni lake na safari hii ameiingia kwa ajili ya samaki wa Mtera, aliuliza kama kila siku itakuwa hivi. Nikamwambia kesho tunaenda kwenye upepo.

Jumapili, barabara ya Mtera

Tumeondoka mjini kwa barabara ya Iringa. Mpunguzi, Manzase, kisha mteremko wa Fufu, ambapo nchi inashuka ghafla na joto linapanda. Mibuyu imeanza kutoa majani mapya ingawa hakuna tone la mvua lililoanguka.

Mtera ni jambo jingine kabisa. Bwawa lilikamilika karibu mwaka 1980 kwenye Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, na linapokea pia Kizigo na Ruaha Mdogo. Likijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na kufunika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 600. Kiwango cha chini cha kuzalisha umeme ni mita 690. Ukizitazama namba hizo mbili haraka utaona ni mita nane na nusu tu. Lakini upande wa Dodoma nchi ni tambarare, na mita moja ya maji kushuka ni ardhi ndefu sana inayobaki wazi. Wafugaji huingiza ng'ombe, watu hulima mahindi na maboga kwenye unyevu ulioachwa, na mwalo wa wavuvi huhama kuyafuata maji. Watu wazima wote wanaukumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006, Mtera ilipokauka vibaya. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024 nchi haikitazami tena kiwango cha Mtera kwa hofu ile, ila mvuvi bado anakitazama kila asubuhi.

Jioni tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, kujitambulisha. Hili si la adabu peke yake. Mtu mgeni mwenye ditekta, popote mkoa huu, anachukuliwa kuwa amekuja kutafuta dhahabu au rupia za Mjerumani, na wenyeji wana haki ya kuuliza. Nilieleza ninachofanya, nikaonyesha mashine, nikaahidi kwamba kila kitakachotoka kitaonyeshwa mwaloni kabla hakijaondoka. Mzee mmoja wa BMU alisema atatusindikiza mwenyewe. "Mbukwenyi," alitusalimia kwa Kigogo, kisha akacheka nilipojibu kwa shikamoo ya Pwani.

Jumatatu, Mtera, ukingo wa upepo

Siku ya leo imenilipa safari nzima.

Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa nguvu, siku hadi siku. Kwenye ziwa pana kama hili upepo huo unapata nafasi ndefu ya kukimbia juu ya maji, na mawimbi yanayofika ukingo unaoutazama ni mawimbi kweli. Yanavunja, yanavuta, yanachekecha. Kwa hiyo nilimwomba mzee atupeleke ukingo unaopigwa na upepo, wala si kwenye mwalo, ambao kwa kawaida huwekwa mahali penye kinga ili mitumbwi isivunjike.

Tulichokikuta ni matuta. Kuanzia kwenye magugu ya juu mpaka majini kuna mistari ya mchanga na kokoto, mmoja chini ya mwingine, yote ikienda sambamba na maji. Mtu asiyezoea angeiona kuwa ardhi imejikunja tu. Mzee aliisoma kwa miezi. "Hili la juu ni la Juni," alisema. "Maji yalikaa hapa muda mrefu. Halafu yakakimbia. Lile pale, yalisimama tena mwezi wa nane."

Nilimwomba arudie polepole niandike. Maji yakishuka kwa mwendo mmoja, mawimbi hayapati muda wa kufanya kazi mahali pamoja na hayaachi tuta. Yakisimama, kwa sababu mitambo ya umeme imepunguza kuchota au kwa sababu yoyote ile, mawimbi hupiga mstari uleule siku nyingi mfululizo. Mchanga mwepesi unasukumwa juu au kurudishwa ndani, na kizito kinabaki kwenye mguu wa tuta. Kule Pangani mstari kama huu hufanyika kwa saa chache, kati ya kujaa na kupwa, na kesho yake umefutwa. Hapa unakaa mpaka mvua. Ninaweza kutembea juu ya kalenda nzima ya kiangazi kwa asubuhi moja, jambo ambalo bahari haijawahi kunipa.

Tulianza na tuta la Agosti. Juu yake, kimya. Kwenye mteremko wake, kimya na vizibo. Kwenye mguu wake, upande wa maji, mahali kokoto zinapokutana na utepe mwembamba wa mchanga mweusi, mashine ikaanza. Mchanga mweusi wenyewe una madini ya chuma na unaongea, kwa hiyo nilipunguza makali ya mashine, nikaisawazisha upya juu ya utepe ule ule, nikaenda kwa mwendo wa kinyonga. Mlio wa madini ni mpana, unapanda na kushuka bila ncha. Mlio wa kitu una ncha. Ukishausikia mara kadhaa hauwezi kuuchanganya.

Cha kwanza kilikuwa risasi ya nyavu, na baada yake risasi nyingine nyingi, zimelala karibukaribu. Hapakuwa mahali pa kutengenezea nyavu. Zilikusanywa na maji kutoka sehemu mbalimbali kwa sababu ya uzito wao: risasi ni nzito mara nne na zaidi kuliko mchanga wa kawaida. Ukikuta risasi mahali pamoja umekuta mahali ambapo maji huweka vizito, na hapo ndipo unapaswa kupiga magoti. Sarafu zilifuata kwenye mstari uleule. Nyingi za sasa, za shilingi mia na mia mbili, zimepata ukungu wa kijani. Na moja ya senti 50, yenye sungura, ambayo jirani yangu aliishika muda mrefu kwa sababu alikuwa hajaiona tangu akiwa mdogo.

Vitu visivyo vya chuma vilikuwa mahali pengine kabisa, na hili ndilo ninalotaka kila mwokotaji wa ufukweni alijue hata kama hana mashine. Maboya ya kandambili zilizokatwa, chupa za plastiki, vijiti vilivyosuguliwa, makombe ya konokono: vyote vimelala juu, kwenye mgongo wa tuta. Mawimbi huinua vyepesi na kuvitupa juu kabisa yanapofika. Kwa hiyo anayetafuta mti mzuri wa kuchongea atembee mgongoni, na anayetafuta chuma atembee mguuni. Ni ufukwe mmoja wenye njia mbili.

Nimevaa buti za mpira siku nzima na nimewataka wenzangu wavae. Konokono wa maji baridi hubeba kichocho, na kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia hatari ni kubwa. Mamba na viboko wapo pia. Mzee alikuwa anachagua yeye mahali pa kukaribia maji, na hatukumpinga hata mara moja.

Jumanne, Mtera, ghuba ya ndani

Upande wa pili wa rasi, mahali upepo haufiki, ufukwe umebadilika kabisa ndani ya mwendo mfupi wa miguu. Hakuna matuta. Ni tope laini, na visiki vya miti iliyokufa maji ya bwawa yalipoinuka. Kwa hesabu ya jana hapa hapana kitu, na karibu ningepita. Mzee ndiye aliyesema tusipite.

Hapa, alisema, palikuwa na nyumba kabla ya bwawa. Watu walihama maji yalipokuja. Alituonyesha mawe ya kusagia mtama, yamelala juu ya tope bila hata kuchimbwa, na mstari wa mawe uliokuwa msingi wa ghala. Akatuonyesha pia makaburi yalipo, akasema huko mashine isiende. Haikwenda.

Kwa nini vitu vya zamani vionekane kwenye tope hapa, wakati Hombolo vimefukiwa? Niliukagua ukingo kabla ya kuwasha mashine. Ghuba hii haipokei mto wala korongo, kwa hiyo udongo mpya unaoingia ni mdogo, na kila maji yanapopanda na kushuka huondoa udongo laini kidogo na kuacha mawe. Ufukwe unaopungua polepole, tofauti na ule unaopungua kwa dhoruba, hauvipangi vitu kwa uzito. Unaviacha pale vilipoangukia. Jembe lilitoka karibu na mawe ya msingi, limeliwa na kutu hadi mpini wake wa chuma umekuwa mwembamba. Hatua chache kutoka hapo, sarafu ya senti 20 yenye mbuni. Mahali vilipokuwa ndipo penye habari zake, kwa hiyo nilichora ramani ya mkono kwanza, nikapiga picha, ndipo tukavitoa. Vyote viwili vimebaki kwa mzee. Ni vya watu wake.

Vijana wa mwaloni walikuwa wametufuata, wakauliza kuhusu rupia. Nilijibu kwa urefu kwa sababu uvumi wa masanduku ya rupia yaliyofukiwa unaumiza watu. Rupia ya fedha ya Mjerumani ilikuwa sarafu ya gramu 11.66, pesa ya kawaida ya sokoni, na thamani yake leo ni ile ya sarafu ya zamani, wala haina dawa ndani yake. Dhahabu ilikuwepo pia: mwaka 1916, vita vikiwa vimewakata na kwao, Wajerumani walipiga sarafu za rupia 15 kule Tabora, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke uliopo mkoa huu wa jirani wa Singida. Zilizopigwa ni elfu kumi na sita na ushei. Anayekuja kijijini na kusema anajua sanduku lake lilipofukiwa, ila anahitaji mchango wa fedha za mafuta na za mganga, anataka huo mchango. Wazee waliokuwa wamekaa pembeni waliitikia kwa nguvu kuliko nilivyotarajia.

Niliwaeleza na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba kutafuta vitu hivyo bila kibali ni kosa. Utafutaji wa madini nao una leseni zake. Mimi ninaokota kilicholegea kwenye mchanga wa juu, na mipaka hiyo ninaiheshimu kwa moyo, kwa kuwa kitu kilichong'olewa mahali pake bila kuandikwa kimepoteza nusu ya habari zake na hakuna atakayezirudisha.

Jumatano, njiani

Chipogoro, Rudi, Kibakwe, mpaka Gulwe. Vumbi, pancha, chai ya maziwa Kibakwe. Upande huu wa Mpwapwa una Winza, ambako rubi nzuri sana zilitoka kuanzia mwaka 2007 na 2008, na watu wawili wametusimamisha wakitaka niwapimie mashamba yao. Nimewaambia ukweli: ditekta haisikii rubi, ni jiwe lisilopitisha umeme. Hawakuridhika.

Alhamisi, Gulwe

Huu sasa ni mto wa mchanga. Kinyasungwe hapa ni barabara pana ya mchanga mweupe isiyo na tone la maji juu, na akina mama wamechimba visima ndani yake na kuchota kwa kata. Maji yapo, yanatembea chini. Mbele kidogo mto unaingia kwenye njia ya Kidete na Kilosa, unaitwa Mkondoa, na mwisho wake ni Wami na bahari. Reli ya Kati imeufuata mto huu tangu Wajerumani walipoijenga kutoka Dar es Salaam kuelekea Dodoma, na mto umeila reli hiyo mara nyingi. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu kipande cha Kilosa hadi Gulwe vibaya mno. Reli mpya ya SGR nayo inapita ukanda huuhuu.

Ninachokipenda kwenye mto wa mchanga ni kwamba dhoruba yake ina njia. Baharini mawimbi huja kwa upana wote. Hapa maji yanateremka, na kila kona inaeleza yalifanya nini mara ya mwisho. Kwenye kona, upande wa nje, maji hukimbia na kula ukingo. Upande wa ndani hupungua kasi na kuangusha mzigo, vizito vikitangulia. Nyuma ya jiwe kubwa kuna kishimo ambamo vizito hujificha. Tulifanya kazi kwenye ncha ya juu ya kilima cha mchanga cha upande wa ndani, ambako kokoto ni kubwa kuliko kwingine, na msumari wa reli ukatoka, mzito, wa mtindo wa zamani, na baada yake vipande vya chuma ambavyo mto uliviiba tuta la reli likibomoka.

Kisha tukafika wanapochimba mchanga wa ujenzi. Malori ni mengi kwa sababu Dodoma inajengwa usiku na mchana, na mchanga huu ndio unaoijenga. Kwa mwokotaji, koleo la mchimba mchanga linafanya kazi ya dhoruba: linaondoa mita moja ya mchanga kwa wiki, na tabaka gumu linabaki wazi. Ningeweza kufurahi. Lakini mchanga ukishuka, visima vya akina mama vinakauka mapema, na kingo zinabaki bila kitu cha kuziegemeza. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kudumu. Hapa mashimo yanafika chini ya ukingo wenyewe, na ukingo umekatika wima.

Kwenye ukingo ule uliokatika, mashine ikiwa begani imezimwa, niliona shanga.

Nyekundu, ndogo, za kioo, zimechomoza kwenye udongo kwa urefu wa kifua changu, na nyingine zimeanguka chini ya ukingo. Nilisimama nikafikiri, kwa sababu hapa elimu ya uzito inasema jambo la maana. Kioo kina uzito karibu sawa na mchanga wa kawaida. Maji hayawezi kuzitenga shanga na mchanga na kuziweka pamoja kama yanavyoweka risasi. Shanga zikibebwa na mto hutawanyika na kupotea. Zikiwa pamoja, na zikiwa ndani ya ukingo, basi hazikuletwa na maji. Ziliachwa pale na watu, na mto ndio unaozitoa.

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 kutoka Pwani kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ilipita Mpwapwa na Ugogo. Misafara ililipa hongo kwa watemi wa Kigogo ili ipite na kupata maji, na malipo yalikuwa nguo, nyaya za shaba na shanga, zikiwemo nyekundu zilizoitwa samesame. Umri wa shanga hizi ni kazi ya mtaalamu. Kazi yangu ilikuwa kutogusa ukingo. Nilipiga picha nikiweka rula kando, nikapima urefu kutoka juu ya ukingo, nikahifadhi alama ya mahali kwenye simu. Zile zilizokwisha kuanguka chini niliziacha pia. Nilimwita msimamizi wa wachimba mchanga, nikamwonyesha, nikamwomba wahamie upande wa pili. Alisikiliza vizuri. Alisema malori ya kesho yamekwisha kulipiwa.

Ijumaa, Gulwe

Usiku tuliona radi upande wa magharibi, mbali sana, bila sauti. Gulwe hakikuanguka kitu. Asubuhi anga ni safi.

Mama mmoja aliyekuwa anachota maji ndiye aliyesikia kwanza. Alibeba ndoo yake nusu, akapanda ukingo, akatupigia kelele tutoke. Tulitoka mbio. Muda mfupi baadaye maji yalikuja yakiwa na povu na matawi mbele, ya rangi ya kahawia nzito, yakajaza upande wa nje wa kona kwanza na kisha mto mzima. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, na sisi tulikuwa chini ya jua. Atakayekwenda kuokota kwenye mito hii msimu wa mvua ukikaribia asitosheke na kuutazama mto wala anga la juu yake. Aulize habari za huko maji yanakotoka, na asikae mtoni peke yake.

Alasiri maji yalishuka. Ncha ya kilima cha mchanga tulipopata msumari imefunikwa na mchanga mpya wenye unene wa goti, na mashine haisikii chochote. Kona ya chini yake, ambayo jana ilikuwa mchanga mtupu, imekwanguliwa hadi mwamba, na ndani ya nyufa za mwamba ule kulikuwa na vipande vya chuma, sarafu, na ganda la risasi ya bunduki. Lilikuwa tupu. Vita vya Kwanza vilipita huku mwaka 1916, na ardhi ya Kondoa, Dodoma na Mpwapwa bado inatoa vitu vya namna hiyo. Lingekuwa zima nisingeligusa, ningekwenda polisi.

Kisha nikaenda kwenye ukingo wa shanga. Sehemu ya chini imeliwa. Udongo wenye shanga sasa umening'inia, na ufa umeanza juu yake, hatua moja kutoka ukingoni.

Jumamosi, Mpwapwa hadi Dodoma

Mpwapwa nilimpigia simu afisa utamaduni wa wilaya, siku ya mapumziko, akapokea na akaja. Nimempa picha, vipimo na alama ya mahali. Ameahidi kuongea na kijiji leo hii ili uchimbaji wa mchanga usimame kwenye kona hiyo. Barua ya pili, yenye picha zilezile, ninaipeleka Jumatatu Mtumba, wizara ya Maliasili na Utalii, kwa Idara ya Mambo ya Kale. Nimeandika ndani yake kwamba ufa una upana wa vidole viwili, kwamba mvua za Dodoma zenyewe hazijaanza, na kwamba kipande kile cha ukingo hakitavumilia mafuriko mengine kama ya jana. Nimeomba waje kabla ya katikati ya Desemba, na nimesema nitawapeleka mwenyewe hadi mahali pale, siku yoyote watakayotaka.